Nyanya Isiyo na Ladha: Tuache Kuilaumu Mbolea, Tuiulize Mbegu

Leo sitazungumzia kantangaze wala bakajani. Nitazungumzia jambo ambalo kila mtu analisema jikoni lakini hakuna anayelifikisha shambani: nyanya za siku hizi hazina ladha.

Mama anakata nyanya nne kubwa, nyekundu, ngumu. Anazikaanga, sufuria inajaa maji, mchuzi unabaki mweupe. Mwisho anafungua pakiti ya nyanya ya kiwandani ili mchuzi upate rangi na uzito. Fikiria jambo hilo vizuri. Tunalima nyanya Ilula, tunalima Kilolo, tunalima Lushoto na Arusha, halafu tunanunua nyanya ya kopo ili kuipa nyanya yetu ladha ya nyanya. Fedha hiyo ya kopo ilipaswa kuwa mfukoni mwako wewe uliyelima.

Wiki nzima nimesoma maoni ya watu kuhusu sababu ya hali hii, na nimechoka na majibu mepesi. Leo nataka tuyavunje.

Majibu mawili ya uongo

Jibu la kwanza linasema: "Ni mbolea za chumvichumvi, zimeua ladha." Hili linapendwa kwa sababu linamtupia mkulima lawama zote. Ni kweli kwamba ukizidisha naitrojeni utapata majani mengi na tunda legelege. Ni kweli pia kwamba ukimwagilia maji mengi siku za mwisho kabla ya kuvuna, tunda linavimba maji na utamu unapungua. Lakini fanya jaribio dogo. Panda aina mbili za nyanya kwenye tuta moja, samadi ile ile, mbolea ile ile, maji yale yale, zivune siku moja zikiwa zimeiva. Moja itakuwa tamu na nyingine itakuwa maji matupu. Kama tatizo lote lingekuwa mbolea, zote mbili zingekuwa mbaya sawasawa. Tofauti iliyobaki inatoka ndani ya mbegu.

Jibu la pili linasema: "Hizi chotara ni GMO." Hapana. Hakuna nyanya ya GMO iliyoruhusiwa kulimwa hapa Tanzania. Mbegu chotara ya F1 hupatikana kwa kuvusha chavua kutoka mmea baba kwenda ua la mmea mama kwa mkono, kazi ambayo hata wewe unaweza kufundishwa kwa nusu siku. Nyanya ya kwanza ya GMO kuuzwa duniani ilikuwa Flavr Savr, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1994, na haikudumu miaka mingi. Ladha yetu ilipotea kwa njia ya kawaida kabisa, ya kuchagua na kuvusha chavua, kwa sababu waliochagua walikuwa wanatafuta kitu kingine.

Majibu haya mawili yana ubaya mmoja: yanamfanya mtu asimuulize muuza mbegu swali lolote.

Ladha ya nyanya ni nini hasa?

Ladha ya nyanya ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni sukari, hasa glukosi na fruktosi. Ya pili ni tindikali, hasa ya sitriki na ya maliki. Hizi mbili ulimi unazisikia. Ya tatu ni harufu, yaani kemikali nyepesi zinazopanda puani unapotafuna. Wanasayansi wamehesabu zaidi ya 400 za aina hiyo ndani ya nyanya, ingawa zinazobeba ladha tunayoijua ni kama 20 tu. Nyingine hutengenezwa kutokana na mafuta ya tunda na ndizo zinazoleta ule ubichi mzuri wa kachumbari. Nyingine hutokana na viini vya protini. Nyingine hutokana na rangi yenyewe: likopeni, ile rangi nyekundu, na ndugu zake zinapokatwa vipande na kimeng'enya, vipande vile vinageuka kuwa harufu.

Kwa hiyo kuiva si kubadilika rangi tu. Tunda linapofikia wakati wake hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaamsha jeni nyingi kwa mpigo. Ukijani unavunjwa, likopeni inajengwa, kuta za seli zinalainika, harufu zinatengenezwa, na kemikali chungu ya tomatini iliyolilinda tunda likiwa bichi inageuzwa kuwa kitu kisicho na uchungu. Ni kazi ya jeni kadhaa zinazofuatana. Ukimnyamazisha mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, hupotezi kitu kimoja, unapoteza vingi kwa pamoja. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

Jeni tatu zilizotolewa kafara

*Mabega ya kijani.* Wazee mnakumbuka nyanya zilizokuwa na mabega ya kijani kibichi karibu na kikonyo. Soko halikuzipenda kwa sababu haziivi rangi moja. Watafiti wa mbegu walikuta mimea ambayo tunda lake bichi lina rangi moja hafifu na linaiva sawasawa, wakaichagua kwa miongo mingi. Mwaka 2012 ilijulikana walichokuwa wanakitupa. Jeni iliyoharibika katika mimea hiyo inaitwa GLK2, na kazi yake ni kujenga viwanda vya kijani ndani ya tunda, vile vile vinavyotengeneza chakula kwa kutumia jua. Jeni hiyo ikiwa nzima, tunda bichi linajiongezea sukari yake lenyewe na linaiva likiwa na rangi na virutubisho zaidi. Tulinunua sura, tukalipa kwa utamu.

*Jeni ya kutoiva.* Mwaka 1968 wanasayansi walielezea nyanya ya ajabu ambayo haiivi. Inafika ukubwa wake, inageuka manjano, inakaa hivyo hivyo. Mabadiliko hayo yanaitwa rin. Mmea uliopata rin kutoka kwa baba na mama hauna faida. Lakini ukiwa nayo kwa mzazi mmoja tu, kama ilivyo kwa chotara, tunda linaiva polepole na kukaa siku nyingi bila kulainika. Kwa safari ndefu ni dawa. Lakini kumbuka tulichosema: msimamizi mmoja anasimamia kazi nyingi. Ukipunguza kasi ya kulainika kwa njia hii, unapunguza pia rangi na harufu.

Na hapa kuna jambo la kukusaidia shambani. Ukihifadhi mbegu kutoka chotara ya namna hii ukazipanda msimu ujao, takriban mmea mmoja katika kila minne utapata rin pande zote mbili, na matunda yake yatabaki ya manjano hadi yaoze. Wakulima wengi wanaoliona hili wanadhani ni ugonjwa, wanapiga dawa. Usipoteze fedha. Ni urithi.

*Ukubwa dhidi ya utamu.* Kuna jeni inaitwa Lin5, inayohusika na kuingiza sukari kwenye tunda. Nyanya pori za milima ya Andes, Peru na Ekwado, na nyanya nyingi ndogondogo, zina toleo lenye nguvu. Nyanya kubwa za kisasa nyingi zina toleo dhaifu. Sababu inaeleweka: majani yana uwezo maalum wa kutengeneza sukari. Ukitaka matunda makubwa na mengi kwa wakati mmoja, mgawo wa kila tunda unapungua na maji yanajaza nafasi.

Mwaka 2017 timu ya watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Florida, iliyoongozwa na watu kama Harry Klee na Denise Tieman, ilichapisha uchunguzi wa aina 398 za nyanya, za kisasa, za kienyeji na za pori. Walisoma jeni zake, wakapima kemikali zake, na kwa aina 101 wakawapa watu wazionje. Walikuta kemikali 13 muhimu za ladha zimepungua sana katika aina za kisasa. Hicho ndicho ulimi wa mama yako ulichokuwa unakisema siku zote, na watu wakamwambia anakumbuka ujana tu.

"Lakini bila ugumu, nyanya haifiki sokoni"

Najua utaniambia hivi, na una haki. Tenga la mbao kutoka Iringa hadi Dar es Salaam linabebwa juu ya lori, matenga yamepandana, jua kali. Nyanya laini inafika ikiwa juisi. Mkulima hawezi kula ladha. Tena chotara zimetuletea ukinzani dhidi ya minyoo fundo, mnyauko na virusi vya kukunja majani, na nyingi ya kinga hizo zimetoka kwa nyanya pori. Sitaki mtu asome makala hii akaenda kung'oa shamba la chotara.

Lakini hoja ya ugumu imetumiwa kama kisingizio cha kila kitu, na hapo ndipo ninapokataa. Sukari kweli ina gharama: ukiongeza sukari kwa kila tunda, huenda ukapoteza uzito wa mavuno. Harufu haina uzito. Kemikali hizo zipo kwa kiasi kidogo mno ambacho mzani wa dalali hauwezi kukiona, na jeni zinazozitengeneza nyingi hazikai pamoja na jeni za ukubwa wala ugumu. Zaidi ya hapo, baadhi ya harufu hufanya ulimi uone utamu zaidi hata sukari isipoongezeka. Kwa hiyo inawezekana kurudisha sehemu kubwa ya ladha bila kupunguza hata ndoo moja ya mavuno. Hazikupotea kwa sababu zilizuia mavuno. Zilipotea kwa sababu wakati wa kuchagua mimea hakuna aliyeonja.

Tofautisha kulipa gharama na kudondosha fedha njiani. Kwenye sukari tumelipa gharama. Kwenye harufu tumedondosha.

Na wanaotukuza mbegu za zamani nao wasikilize

Kuna upande wa pili unaosema turudi kwenye mbegu za babu, basi. Hao nao hawajamaliza kazi. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha jeni za nyanya 725 na kukuta jeni 4,873 ambazo hazikuwemo kwenye ramani ya awali ya nyanya, iliyotengenezwa mwaka 2012 kutoka aina moja tu iitwayo Heinz 1706. Waligundua pia toleo fulani la jeni ya harufu iitwayo TomLoxC. Toleo hilo ni la kawaida kwenye nyanya pori lakini ni adimu sana kwenye nyanya za kizamani zilizolimwa, na limeanza kurudi kidogo kwenye aina za kisasa. Maana yake upotevu ulianza zamani, kabla ya makampuni, na mbegu ya zamani si tamu kwa sababu tu ni ya zamani.

Kuchagua kulituletea mema pia. Nyanya pori za kijani zina uchungu wa tomatini, na ni wakulima wa kale waliouchuja kwa kuchagua matunda kizazi baada ya kizazi. Mbegu haina dhambi ya kuwa mpya wala sifa ya kuwa ya kale. Swali ni moja: aliyeichagua alikuwa anatafuta nini?

Hesabu ya sufuria

Wengine wataona ladha ni anasa ya watu wa mjini. Tufanye hesabu.

Kipimo cha Brix kinaonyesha ni sehemu ngapi katika 100 za maji ya nyanya ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Chukua kilo 100 za nyanya yenye Brix 4. Ndani yake kuna kama kilo 4 za vitu hivyo, nyingine karibu zote ni maji. Ukitaka kutengeneza nyanya nzito ya Brix 25, utapata kilo 16, na lazima uchemshe kilo 84 za maji zipotee. Sasa chukua kilo 100 za nyanya yenye Brix 5. Utapata kilo 20 na kuchemsha kilo 80. Tofauti ya namba moja tu kwenye kipimo imekupa robo zaidi ya bidhaa kwa moto mdogo zaidi. Kwa kikundi cha akina mama wanaosindika nyanya kwa mkaa, hiyo ni tofauti ya kupata faida na kufunga biashara. Kwa mama lishe ni pakiti ngapi za kopo ananunua kwa wiki.

Lakini soko linanunua kwa tenga, tena tenga lililojazwa hadi kichwani. Tenga halijui Brix. Kwa bei ya tenga, mkulima anayeuza maji na mkulima anayeuza nyanya wanalipwa sawa, na anayeuza maji anajaza tenga haraka zaidi. Ndiyo maana sikubali mkulima alaumiwe. Analima kile anacholipwa.

Unaweza kufanya nini msimu huu?

1. Jaribu kabla ya kuhamia. Usiweke ekari nzima kwa aina mpya kwa sababu ya picha kwenye pakiti. Panda mistari miwili pembeni mwa aina uliyoizoea. Zikiiva, zionje mbichi, kisha pika kila moja kwenye sufuria yake kwa kiasi sawa na muda sawa. Angalia ipi inabaki nzito.

2. Soma pakiti kwa jicho la mashaka. Ukiona sifa zote ni ukubwa, ugumu na kukaa muda mrefu, jua kampuni imekwambia ilichokuwa inatafuta. Muulize muuzaji kiwango cha Brix. Asipojua, amekujibu.

3. Usivune ya kijani kama si lazima. Sukari inatoka kwenye majani. Ukikata tunda mapema, umefunga bomba. Rangi itakuja baadaye stoo, sukari haitakuja. Vuna linapoanza kugeuka rangi kitakoni: litamaliza kuiva njiani likiwa na ladha karibu sawa na lililoivia shambani, na bado lina siku za safari.

4. Punguza maji taratibu matunda yakianza kuiva. Taratibu, usikate ghafla. Ukiyumbisha maji utapata matunda yaliyopasuka na yaliyooza kitako.

5. Usiweke nyanya kwenye friji. Chini ya nyuzi joto 12 hivi, jeni za harufu zinazimwa, na hata ukilitoa tunda likapata joto, sehemu ya harufu hairudi. Kivuli chenye hewa kinatosha. Waambie na wateja wako.

6. Mbegu ya kuhifadhi iwe ya aina ya kawaida, si chotara. Aina kama Tengeru 97 na Tanya zinazaa mbegu zinazofanana na mama yake. Chagua mbegu kutoka mmea wenye afya ambao tunda lake umelionja. Ukichagua kwa macho tu, utarudia kosa la dunia nzima.

7. Tafuta mteja anayelipa ladha. Hoteli, mgahawa, mama lishe mwenye jina, kikundi cha usindikaji. Wapelekee sampuli mbili wapike. Huyo hanunui tenga, ananunua mchuzi.

Ninachodai

Kwa makampuni ya mbegu: andikeni Brix kwenye pakiti kama mnavyoandika siku za kukomaa. Mnaweza kupima. Rifraktomita ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni na kinahitaji matone mawili ya maji ya nyanya.

Kwa maafisa ugani wenzangu na wanaoandaa siku za wakulima: tumezoea kuwapitisha watu kwenye mashamba darasa, tukahesabu matunda, tukapima kilo, tukapiga picha. Hakuna kisu, hakuna chumvi, hakuna jiko. Kuanzia sasa kila onyesho la aina za nyanya liwe na meza ya kuonja, na wanaoonja wawe wapishi. Kama aina imeshindwa mezani, tuandike kwenye ripoti kwamba imeshindwa, hata kama imejaza matenga.

Kwa watafiti wetu: dunia imeshafungua ramani ya jeni za ladha na imechapishwa wazi. Tengeru pana hazina ya mbegu za mboga na watu wenye ujuzi. Ugumu wa safari na ladha ya jikoni havijafungwa pingu moja. Tuleteeni nyanya inayobeba vyote viwili.

Na kwako ndugu mkulima: mtu akikwambia nyanya zako hazina ladha kwa sababu unatumia mbolea, mwonyeshe tuta lenye aina mbili. Mwache aonje. Kisha mwambie bei anayolipa ndiyo iliyochagua ile mbaya.

Kama umeshapanda aina mbili au tatu pamoja, niandikie kwenye maoni hapa chini ipi ilishinda kwenye sufuria na unalima wilaya gani. Wiki ijayo tutazungumzia namna ya kukamua, kuchachusha na kukausha mbegu za nyanya nyumbani bila kuua uotaji wake. Nawatakia msimu mwema.